Mizani ya Hofu: Juu ya Kuhukumu Filamu za Kutisha

Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika yamezoeleka matamasha ambamo watu hukusanyika siku mbili, tatu au hata zaidi kutazama filamu za kutisha peke yake. Mji wa Sitges, ulio pwani kusini-magharibi ya Barcelona, umekuwa na tamasha la jinsi hii tangu mwaka 1968. London ilipata la kwake mwaka 2000, FrightFest ilipoanzishwa katika jumba la sinema la Prince Charles; nalo hufanywa mwishoni mwa Agosti, katika mapumziko ambayo Waingereza huunganisha Jumamosi na Jumapili na Jumatatu ya sikukuu. Mtazamaji huingia gizani jua likiwa bado linawaka, na atokapo huwa ni usiku wa manane. Kesho yake hurudi tena. Katika muda huo huona wafu wakifufuka, nyumba zikinena, majini wakivaa sura za watoto, na wanadamu wakitenda mambo ambayo jini angeyaonea haya. Mwisho wa yote huulizwa swali moja: ipi katika hizi ni bora?

Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Anayehukumu utenzi ana vina na mizani ya kumwongoza. Anayehukumu riwaya ana wahusika, msuko wa visa na lugha. Anayehukumu filamu ya kutisha hutanguliwa na mwili wake mwenyewe: moyo humdunda na viganja humtoka jasho kabla akili haijapata kusema neno. Kisha, baada ya filamu ya nne au ya tano, mwili huo huchoka. Filamu iliyopangwa Ijumaa jioni hupokewa na hofu mbichi. Ile ya Jumapili usiku huambulia masazo. Kama hukumu ingetegemea mapigo ya moyo, basi mpanga ratiba ndiye angekuwa mwamuzi mkuu, na waamuzi wengine wangekuwa makarani wake tu. Haina budi, basi, itafutwe mizani nyingine.

Kiswahili kinaweza kumsaidia mhakiki katika jambo hili, maana lugha hii haikulitupa kila linalotisha katika kapu moja. Liko neno mshtuko, liko neno karaha, na liko neno hofu. Mshtuko ni wa mwili. Huja ghafula na kuondoka ghafula. Karaha ni ya tumbo na macho. Humfanya mtu ageuze uso. Hofu ni ya moyo na akili pamoja. Humfuata mtu hata nyumbani, ikakaa naye kitako, ikamwuliza maswali. Mwandishi Mwingereza Ann Radcliffe aligusa tofauti iliyo karibu na hii katika makala iliyochapwa mwaka 1826, miaka mitatu baada ya kufa kwake: alishika ya kwamba iko namna ya kutisha inayoikunjua nafsi na kuiamsha, na iko nyingine inayoikunja na kuigandisha. Makosa mengi ya waamuzi, wa sheria na wa sanaa pia, yametokana na kuyachanganya mambo haya matatu.

Yafaa kuanza na mshtuko, ulio mdogo kuliko yote. Mfano wake uliotukuka umo katika filamu ya Cat People ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur na kusimamiwa na Val Lewton. Mwanamke mmoja anatembea usiku kandokando ya ukuta wa bustani, na nyuma yake anasikia nyayo za mwanamke mwenzake anayemwonea wivu. Halafu nyayo zile zinanyamaza. Kimya kile kinakuwa kizito kuliko sauti. Mtazamaji anangoja chui aruke. Mara inasikika sauti kama ya mnyama anayefoka, nayo siyo ya mnyama hata kidogo: ni breki za basi linalosimama kituoni. Hakuna damu iliyomwagika, wala hakuna chui aliyeonekana. Hata hivyo ukumbi mzima huruka vitini. Mbinu hii imeigwa tangu siku hiyo hata leo, na katika matamasha ya siku chache mtu anaweza kuiona mara nyingi hata akaacha kuhesabu.

Walakini waigaji wengi waliichukua sauti wakakiacha kimya. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kinachoupa ung'ongo nguvu ni jeraha la zamani. Katika filamu ya Tourneur jeraha hilo limekwisha kutiwa: mtazamaji anajua wivu wa mwanamke yule, upweke wake, na khofu yake kwamba akipenda atageuka mnyama. Breki za basi zinaigusa khofu iliyokwisha kuwapo. Katika filamu nyingi za waigaji hakuna jeraha lililotangulia. Kuna paka anayeruka kutoka kabatini na muziki unaopigwa kwa kishindo. Mwamuzi aliyekaa siku tatu katika ukumbi hujifunza jambo moja la manufaa: mara muziki unaponyamaza, watazamaji wote hujikaza tayari. Hapo mshtuko umekwisha kuwa desturi, na desturi haimtishi mtu.

Karaha ina kesi kubwa zaidi. Mwezi wa Septemba 2016, katika tamasha la Toronto, ilionyeshwa filamu ya Kifaransa ya Julia Ducournau iitwayo kwa Kiingereza Raw, yenye kisa cha msichana mwanafunzi wa utabibu wa wanyama anayeingiwa na uchu wa nyama ya watu. Watazamaji wengine walizimia, wakaitwa wahudumu wa dharura. Habari hiyo ilienea kuliko habari ya filamu yenyewe, na kwa watu wengi ikawa ndiyo sifa yake. Hii si haki kwa Ducournau. Filamu yake ni kisa cha binti anayeondoka katika ulezi wa wazazi, akagundua kwamba tamaa anayoionea aibu ameirithi kwao. Kuzimia kwa watu wachache hakuna uzito wowote katika mizani. Hata kuona sindano ya daktari watu huzimia. Ducournau alikuja kupewa tuzo kuu ya Cannes mwaka 2021 kwa filamu nyingine, Titane, na hapo wengi walianza kumtazama kama msanii badala ya kumtazama kama mtu anayewazimisha watu.

Kinyume chake ni kesi ya A Serbian Film ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Srđan Spasojević. Filamu hii, yenye ukatili wa zinaa unaowafikia hata watoto katika kisa chake, ilikuwa imepangwa kuonyeshwa FrightFest mwaka huohuo. Halmashauri ya Westminster ilidai kwamba kwanza ipitiwe na bodi ya Uingereza inayopanga madaraja ya filamu. Bodi ikataka ikatwe mahali 49. Waandaaji wakaona ni afadhali kuiondoa kabisa kuliko kuionyesha imekatwakatwa. Katika Sitges ilionyeshwa kwa watu wazima peke yao, na mwaka 2011 mkurugenzi wa tamasha hilo, Ángel Sala, akashtakiwa kwa ajili ya kuionyesha. Baadaye mashtaka yaliondolewa.

Katika kisa hiki wako waamuzi wa namna mbili, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Serikali ililinda watu, na hasa watoto. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba kazi hiyo haina maana. Waandaaji walilinda uhuru wa msanii. Nao pia hawakukosa hoja. Walakini swali la mhakiki lilibaki bila kujibiwa: je, filamu yenyewe ni njema? Mwongozaji wake aliitetea kwa kusema ya kuwa ni istiari ya namna watu wa Serbia walivyotendwa na watawala wao. Utetezi huu haukubaliki upesi. Istiari huonekana katika kazi yenyewe. Mkono wa msomaji huigusa kama unavyogusa mshono wa nguo. Katika filamu hii mtazamaji huuona ukatili dakika baada ya dakika, lakini dola anayoambiwa kwamba ndiyo inayosemwa haimo ila kwa maelezo ya nje. Basi filamu hii imeshindwa katika mizani ya sanaa, na imeshindwa bila ya kuhitaji msaada wa mahakama. Mhakiki angepewa nafasi ya kusema hivyo waziwazi, pengine vurugu ingekuwa ndogo. Maana kazi iliyokatazwa hupata heshima ambayo haikuistahili, na watu huitafuta kwa sababu tu ilifichwa.

Wala si mara moja tu mahakama na mabodi yameingia katika mambo haya. Filamu ya Nosferatu ya F. W. Murnau, ya mwaka 1922, ilitungwa kutokana na riwaya ya Dracula pasipo idhini. Mjane wa Bram Stoker alishtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziteketezwe. Katika haki ya mali hukumu ile ilikuwa sawa. Kwa bahati njema ya ulimwengu nakala chache ziliponea nchi nyingine, na leo kivuli kile cha mkono wenye makucha kinachopanda ngazi kinahesabiwa miongoni mwa picha kuu za sinema. Ndivyo inavyopasa kukumbukwa kwamba hukumu inaweza kuwa ya haki mahali pake, na hata hivyo isiseme lolote juu ya ubora wa kitu kilichohukumiwa.

Wahakiki nao hawakuwa wanyofu siku zote. Mwaka 1960 zilitoka filamu mbili za wauaji. Moja ni Psycho ya Alfred Hitchcock, na nyingine ni Peeping Tom ya Michael Powell. Psycho ilijaza majumba ya sinema. Peeping Tom iliangukiwa na magazeti ya London kwa maneno ya ukali usio wa kawaida, ikaondolewa upesi, na kazi ya Powell katika nchi yake ikaharibika karibu kabisa. Miaka karibu ishirini ilipita hata Martin Scorsese aliposaidia kuirudisha mbele ya watu, na leo filamu hizo mbili hutajwa pamoja.

Kwa nini ilichukiwa hivyo? Damu haikuwa nyingi. Psycho ilikuwa na kisu kingi kuliko hiyo. Sababu ni kwamba Powell alimgeuzia kamera mtazamaji. Muuaji wa filamu yake, Mark, ni mpiga picha. Huwapiga picha wanawake wanapokufa, na juu ya kamera amefunga kioo ili wauone uso wao wenyewe katika fazaa. Alipokuwa mtoto, baba yake mtaalamu alikuwa akimwamsha usiku kwa vitisho na kumpiga picha, apate kuuchunguza woga wa watoto. Katika filamu za zamani za familia zinazoonyeshwa ndani ya kisa, Powell mwenyewe ndiye aliyeigiza baba yule, na mwanawe wa kumzaa akaigiza mtoto. Msanii alijiweka kizimbani kabla hajamweka mtu mwingine. Alisema kwa picha ya kwamba kutazama hofu ya mwenzako kwa starehe ni tendo, na tendo lina mwenyewe. Wahakiki wa siku ile, ambao kazi yao ilikuwa kutazama, waliguswa pabaya. Wakaiita karaha kile kilichokuwa haya. Kosa lao ni la kukumbukwa na kila mwamuzi, maana hujirudia: mtu akiumizwa na ukweli husema ameumizwa na uchafu.

Liko jambo jingine lipasalo kutiwa katika mizani, nalo ni hili: zimwi ni nani, na amechukuliwa wapi? Sinema ya kutisha imekopa sana kwa watu ambao haikuwauliza. Mfano mkubwa ni mfu atembeaye, aitwaye zombi. Alitoka katika imani za watu wa Haiti, kizazi cha Waafrika waliopelekwa utumwani. Kwa mtumwa, kifo kilikuwa pumziko la mwisho. Hofu kubwa iliyowezekana ilikuwa kwamba hata pumziko hilo litanyang'anywa, na mwili wake utaendelea kulima shamba la mtu mwingine. Msomaji wa Tanzania atatambua habari hii mara moja, kwa kuwa imani ya misukule ni ndugu yake: mtu anazikwa na watu wake wakamlilia, kumbe inadhaniwa yuko shambani kwa mchawi, analima usiku. Katika imani zote mbili kinachotisha ni kazi isiyo na ujira wala mwisho. Mfu wao anaonewa huruma. Anayeogopwa ni bwana wake.

Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932 ilikuwa bado inakumbuka. Imo sehemu moja ndani ya kiwanda cha sukari, ambapo wafu wanazungusha mtambo. Mmoja anateleza na kuangukia ndani, na wenziwe hawasimami wala hawageuki. Sehemu hiyo haina muziki wa kutisha, ila mlio wa mtambo tu, na yatisha kuliko macho yote ya Bela Lugosi. Halafu filamu inausahau ukweli huo na kushughulika na bibi arusi Mzungu aliyelogwa, kana kwamba msiba mkubwa wa Haiti ulikuwa huyo. Hapo mwamuzi anaona kosa ambalo haliko katika ufundi. Filamu ilishika mkononi hofu ya kweli ya umma mzima, ikaitupa ili ichukue hofu ndogo ya watu wachache.

George Romero alilibadili jambo hili mwaka 1968 kwa filamu ya Night of the Living Dead, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo karibu na Pittsburgh. Ndani yake neno zombi halisemwi. Wafu hawana bwana tena, wala hawafanyi kazi, wanakula watu. Mhusika mkuu, Ben, aliigizwa na Duane Jones, mtu mweusi, na kisa hakisemi hata neno moja juu ya rangi yake. Ben anakesha usiku kucha akiilinda nyumba dhidi ya wafu, na dhidi ya ubishi wa walio hai pamoja naye. Anapona. Asubuhi kikosi cha raia wenye bunduki kinafika kusafisha eneo. Wanamwona dirishani, wanampiga risasi, wakidhani ni mmoja wa wafu. Majina ya waigizaji yanapita juu ya picha zisizotembea: ndoana za nyama, mwili unaoburutwa, kuni zilizorundikwa. Watazamaji wa Marekani wa mwaka ule, ambao Aprili yake Martin Luther King aliuawa, hawakuhitaji kuambiwa picha hizo zinafanana na nini. Hapa pana hofu iliyo kamili. Mshtuko umo, karaha imo, lakini vyote viwili ni mlango tu wa kuingilia. Ndani ya nyumba mna swali juu ya watu gani huhesabiwa kuwa hai.

Mtu aweza kusema ya kwamba maswali haya yanaitwisha sinema ya starehe mzigo mkubwa mno. Watu huenda tamashani kupiga kelele pamoja na kucheka baada ya kelele. Kwani kuna ubaya gani? Hakuna ubaya. Hadithi za kutisha zilikuwa za starehe tangu zamani, na katika pwani ya Afrika Mashariki zilisimuliwa usiku, watoto wakisogeleana. Walakini starehe ile haikuwa tupu. Katika mkusanyo wa hadithi uliochapwa na Edward Steere mwaka 1870 imo hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakula kuku, watu wanalalamika, Sultani anajibu kwamba paka ni wake, na kuku ni wake pia. Paka anakula mbuzi, anakula ng'ombe, anakula watu, na jibu ni lilelile. Mwishowe paka amekuwa nunda, anakula wana wa Sultani. Waliosikiliza hadithi hiyo waliogopa meno ya nunda, na papo hapo walijifunza kwamba nunda alilelewa na udhuru. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hadithi ile ina jambo jingine la kumfaa mwamuzi. Mwana wa mwisho, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, anakwenda kumwinda nunda. Kila mara anamwua mnyama, anamburuta hata nyumbani, anamwonyesha mama yake. Na kila mara mama anamwambia kwamba huyo siye. Wanyama wanazidi kuwa wakubwa, naye anazidi kusema siye, mpaka nunda mwenyewe anapoletwa. Mama huyo ni mfano mwema wa mwamuzi wa filamu za kutisha. Hadanganywi na ukubwa wa mzoga wala wingi wa damu. Anamjua aliyewala wanawe, na hawezi kumchukua mwingine badala yake.

Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa mwaka 1960, ilifuata njia hiyohiyo kwa namna mpya: Bwana Msa hakubali kwamba mzimu ndio ulioua, na anatafuta mkono wa mtu nyuma yake. Si lazima kila kisa kimfukuze mzimu hivyo. Lakini kila kisa chema kinajua mkono wa mtu uko wapi, hata kama mzimu nao upo kweli.

Kwa kipimo hicho zaweza kupimwa filamu mbili za karne hii. Ya kwanza ni The Babadook ya Jennifer Kent wa Australia, ya mwaka 2014. Mwanamke mjane, Amelia, anamlea mtoto wake wa kiume aliye msumbufu. Mumewe alikufa barabarani alipokuwa akimpeleka hospitali kujifungua mtoto huyo. Kinatokea kitabu cha watoto kisichojulikana kilikotoka, na kutoka kitabuni linatoka zimwi jeusi lenye kofia. Pole pole mtazamaji anatambua kwamba mama amekataa kuomboleza, na kwamba katika moyo wake kuna chuki kwa mtoto asiyethubutu kuikiri. Mwishoni zimwi haliuawi. Linafungiwa chini ya nyumba, na mama hulipelekea funza wale. Mwisho huo ni wa busara nyingi, maana msiba hauishi. Hutunzwa mahali pake usije ukawatawala wenye nyumba. Kasoro ya filamu hii ni kwamba, karibu na mwisho, inamnyong'onyesha mtazamaji kwa makelele ambayo kisa chake tulivu hakikuyahitaji.

Ya pili ni His House ya Remi Weekes, Mwingereza, iliyoonyeshwa kwanza katika tamasha la Sundance Januari 2020. Bol na Rial, mume na mke, wamekimbia vita vya Sudan Kusini. Wamevuka bahari kwa mashua, na binti waliyekuwa naye, Nyagak, amezama. Serikali ya Uingereza inawapa nyumba chakavu, na masharti: wasifanye kazi, wasihame, wasiwe kero. Kisha nyumba inaanza kunena. Ndani ya kuta mna mchawi wa usiku, ambaye Rial anamjua kwa hadithi ya kwao: mtu maskini mwenye kutamani nyumba yake mwenyewe alianza kuiba, akaiba mali ya mchawi huyo; naye mchawi akahamia katika kuta za nyumba iliyojengwa kwa wizi.

Weekes anaonyesha hofu ya namna mbili, na hazichanganyi. Moja ni hofu ya ugeni. Bol anakwenda dukani, anaiona picha ya tangazo yenye familia inayotabasamu, ananunua nguo kama zao. Mlinzi anamfuata hatua kwa hatua. Nyumbani anataka wale mezani kwa uma. Rial aketi chini, anakula kwa mkono, maana ladha ya chuma imemchosha. Rial anapopotea katika vichochoro vya mtaa anawaendea vijana weusi kuuliza njia, kwa matumaini. Na hao ndio wanaomdhihaki na kumwambia arudi Afrika. Hakuna jini katika sehemu hizo, na hazina haja naye.

Hofu ya pili ni ya deni. Karibu na mwisho mtazamaji anajulishwa kwamba Nyagak hakuwa binti yao. Walipokuwa wakikimbia, basi lilikuwa limejaa, likachukua wenye watoto tu. Bol akamnyakua mtoto wa mtu, akasema ni wake. Mama wa mtoto akaachwa nyuma akilia na kukimbilia basi. Basi mtu yule wa hadithi aliyejenga nyumba kwa wizi ni Bol mwenyewe, na mchawi amekuja kudai kilicho chake. Hapa ndipo filamu inapozidi nyingine nyingi za matamasha. Ingekuwa rahisi kuwafanya wakimbizi kuwa watu wasio na doa ili waonewe huruma. Na ingekuwa rahisi pia kuwafanya waovu ili waogopwe. Weekes amewapa heshima iliyo kubwa kuliko huruma: amewapa hatia, na pamoja nayo uwezo wa kuikiri. Mtu anayekimbia risasi anaweza kutenda kosa lisilosameheka kirahisi, na bado risasi zile zikabaki kuwa dhuluma juu yake. Filamu inabeba ukweli huo wote pamoja bila kuacha hata mmoja uanguke.

Ina kasoro zake. Mikono inayochomoza ukutani na kivuli kinachopita nyuma ya mlango ni vitu vilivyokwisha kuonwa mara nyingi, na aliyeangalia filamu kumi kabla yake atavipokea bila kutikisika. Mapigano ya mwisho na mchawi ni mafupi, kana kwamba mwongozaji mwenyewe hakuyathamini sana. Lakini baada ya mapigano hayo Bol na Rial wanasimama katika nyumba yao mbele ya afisa, na wanasema kwamba mizuka haiondoki, mtu huishi nayo. Picha inapanuka: chumba kimejaa wafu wao, wamesimama kimya, wakitazama. Ukumbi haupigi kelele hapo. Ndicho kimya kilekile kilichokuwa kabla ya basi la Tourneur, ila safari hii hakuna basi linalokuja kukivunja, na mtazamaji anakwenda nacho nyumbani.

Basi hukumu yaweza kutolewa kwa maneno machache. A Serbian Film imshinde mtazamaji tumbo, lakini mama wa hadithi angesema siyo. White Zombie ilimwona nunda kiwandani, ikampa kisogo. Raw na The Babadook zinastahili heshima, kila moja kwa kuthubutu kuingia ndani ya familia, mahali ambapo wengi huogopa kuwasha taa. Peeping Tom na Night of the Living Dead zinakaa juu ya hizo, kwa kuwa zilimwuliza mtazamaji anafanya nini pale kitini. His House inastahili kukaa karibu nazo. Na kama tuzo ingepaswa kutolewa kwa filamu ya karne hii peke yake, katika hizi zilizotajwa, tuzo ingekuwa yake. Ilichukua hadithi ya kutisha kwa watu wenyewe, ikaiacha iseme kwa niaba yao, na haikumsingizia zimwi kosa alilolitenda mtu.